Mjumbe wa Wasio na Mtemi

Nyarero, Tarime
4 Februari 2016

Kwako Mama Wegesa,

Salamu kutoka nyumbani kwako, kama bado unakukumbuka. Mimi ni mzima, ng'ombe ni wazima, mahindi yamefika kiunoni. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, hakuna mtu aliyenisaidia, na yule mwalimu wa ngumbaru aliyenifundisha mwaka sabini na nne angeiona angewaita walimu wenzake waje waone.

Usiniulize kwa nini sikupiga simu. Sikio la kushoto lilikwenda na baruti unajua, na hili la kulia ukiliwekea simu linasikia upepo tu. Ujumbe nao siwezi, kidole changu kimoja kinafunika herufi tatu. Ningeweza kumwambia Zaitun wa stationari aniandikie kwenye kompyuta yake, lakini maneno ya mke wangu siyapitishi kwenye masikio ya binti wa watu.

Sasa jambo lenyewe. Jana nilikuwa Tarime mjini, nikapita kwa Zaitun kama ninavyopita kila siku ya soko, akanifungulia ule mchezo wa mtandaoni wa mataifa ya kubuni aliotuachia Gati mjukuu wetu. Akanisomea swali la siku hiyo, taifa langu la Zizi Wazi liwe na polisi ama lisiwe nao. Nikasema lisiwe nao, akabonyeza. Nina watu milioni mia nne mle ndani, hawana polisi hata mmoja, na wanaishi. Nitajie rais anayeweza hilo.

Kisha nikamwambia anionyeshe mkoa wetu wa humo mchezoni, ule alioufungua Gati akauita Wasio na Mtemi. Unakumbuka tuliingia siku moja tumekaa benchi moja, wewe na Jiko la Boke lako, mimi na Zizi langu, tukasema humu hakuna mkubwa. Nikaona kando ya Jiko la Boke kuna alama mpya. Nikauliza, hii nini? Zaitun akasogeza kiti chake. Halafu akasema, "Babu, bibi ameingia Baraza la Dunia."

Nikamwambia anisomee tena.

Boke! Baraza la Dunia ndiyo serikali ya mataifa yote ya ule mchezo. Wanapiga kura huko juu, sheria inashuka kwa kila mwanachama, apende asipende. Sisi ni watu wa ritongo. Wazee tunakaa chini, kila mwenye mji anasema lake, tunabishana mpaka jua linachwea, tusipokubaliana tunarudi kesho. Hakuna kiti pale. Na nyumba moja ina sauti moja, na sauti ya nyumba hii unaijua ni ya nani.

Lakini si hilo lililoniudhi zaidi. Zaitun akasema mtu akiwa Barazani, wanachama wenzake wa mkoa huo huo wanaweza kumuunga mkono, na majina yao yanaandikwa chini ya jina lake. Chini yako kuna jina moja, taifa linaitwa Tausi. Nikauliza Tausi ni nani. Zaitun hajui kudanganya, akawa anafuta vumbi ambalo halipo. Ni Ramadhan! Muuza tochi na mabuti wa huko uliko, kwenye rashi ya machimbo mapya ya dhahabu, anayechajia watu simu kwa sola. Aliyekuuzia ile simu kubwa. Nani kamleta kwenye mkoa wetu?

Mwanamume mwingine, jina lake chini ya jina la mke wangu, na dunia nzima inasoma. Wachina wanasoma.

Miezi mitatu inatosha. Wachimbaji wa Nyansurura watakula hata usipowapikia. Jitoe Barazani leo hii, urudi nyumbani kabla ya palizi ya pili.

Mimi mume wako,
Machage Mniko wa Zizi Wazi


Nyansurura, Serengeti
11 Februari 2016

Baba Wegesa,

Nakusalimu. Barua nimeipata kwa konda wa basi, imelowa mafuta ya dagaa lakini inasomeka. Nimefurahi mahindi kufika kiunoni.

Ramadhan nilimleta mimi. Aliniona nabonyeza, akauliza ni nini, nikamwonyesha, akapenda. Hiyo ndiyo habari yote ya kuingia kwake.

Sasa nisikilize kuhusu Baraza, ujue sikuingia kwa kupenda makubwa. Gati yuko kwenye mitihani huko chuoni, hajafungua mchezo siku sitini na zaidi, na taifa lisilofunguliwa siku sitini linafutwa. La kwake limefutwa tangu Januari. Yeye ndiye alikuwa mwanzilishi, na mwanzilishi akiwapo hakuna awezaye kuuchukua mkoa. Sasa hayupo. Mkoa wetu uko kama mji usio na lango.

Mchezo ule uko hivi. Mwanachama wa Baraza mwenye watu wengi wa kumuunga mkono ndiye anakuwa mjumbe wa mkoa. Mjumbe anaweza kubadilisha maneno ya mlangoni, kufukuza watu na kufunga mkoa. Kuna watu kazi yao ni hiyo tu, wanaingia kwa makundi mahali pasipo na mjumbe, wanaungana mkono wao kwa wao, asubuhi mnaamka mko nje. Wiki iliyopita wameuchukua mkoa wa jirani zetu wa Ziwa Huru. Watu wale walikuwa na msimamo kama wako, hawataki Baraza hata kulisikia. Sasa hawana Baraza na mkoa hawana.

Kwa hiyo nimesema nikae mimi kwenye kile kiti ili asikae mwingine. Nikae, nisifanye lolote. Sheria za Baraza nitazipigia kura ya hapana zote, ukipenda.

Nyumba moja sauti moja ni ya ritongo. Mchezo unahesabu mtu mmoja mmoja, haukuniuliza nimeolewa na nani.

Kuhusu Ramadhan, ni mtu mwema. Sina zaidi.

Kuhusu kurudi. Siku ile nilikuaga mara tatu, na mara zote tatu ulikuwa unaongea. Nimekaa huku miezi mitatu, nalisha watu sitini kwa siku, nina mabenchi yangu manne na sufuria ambayo mtoto anaweza kuogea. Hujaniuliza nafanya nini huku. Umenipangia palizi.

Mkeo,
Boke


Nyarero
19 Februari 2016

Mama Wegesa,

Mtu mwema. Mtu mwema! Nimekaa na wewe miaka arobaini na mmoja, sijasikia umeniita mtu mwema hata siku niliyorudisha ng'ombe wa baba yako wote kumi na tisa peke yangu. Nimemuuliza jirani yetu Agustina kama aliwahi kukusikia. Amesema anafikiri. Bado anafikiri mpaka leo.

Hayo ya kiti nimeyasikia, na nakujibu kwa jambo la kweli lililotokea. Babu yangu, ambaye jina lake ndilo hili langu, alikuwa mtu mzima wakati Mzungu alipokuja kuuliza, mkubwa wenu nani? Wakasema hatuna. Mzungu akasema mpaka kesho muwe naye. Wazee wakakaa, wakawa wajanja kama wewe. Wakasema tumpe Nyangwine, mtu mpole, hata kuku wake walikuwa hawamsikii, akalie kiti afunge mdomo. Mwaka wa kwanza akafunga mdomo. Mwaka wa pili akaletewa kofia. Mwaka wa tatu anatuma askari kwa babu yangu kudai kodi ya kichwa, na babu yangu ndiye aliyempendekeza! Hawakuamkiana mpaka wakafa wote wawili.

Sasa Jiko la Boke lisubiri kofia yake.

Jana Zaitun amenihesabia. Unao watano sasa wanaokuunga mkono. Wanne siwajui na sina shida nao, mmoja yuko Brazili. Wa kwanza kwenye orodha ni yule yule. Na kwenye ubao wa mkoa amekuandikia, "Hongera jirani." Jirani! Jirani yako ni Agustina, na kabla ya Agustina ni mimi. Ukamjibu, "Asante sana." Moja ingetosha. Hiyo "sana" ilikuwa ya nini?

Lakini usifikiri Zizi Wazi limekaa linalia. Wiki hii tumepata wageni sita mkoani, mataifa mapya, vijana wenye adabu. Kila mmoja ameandika ubaoni, "Shikamoo mzee Zizi Wazi, wewe ndiye mwenye mkoa." Umesikia? Mwenye mkoa. Kiongozi wao anaitwa Ndama Mweupe. Aliniuliza naonaje hilo Baraza, nikamweleza yote mpaka Zaitun vidole vikamuuma. Akajibu kwamba tangu aanze mchezo hajakutana na mtu mwenye akili kama yangu. Mimi sikulisema hilo, limesemwa na mtu wa mbali asiyenijua.

Nimewakaribisha wote. Kwetu mgeni haulizwi alichofuata kabla hajala, na kwenye kompyuta hawali, kwa hiyo sikuwauliza kitu.

Palizi ya pili imeanza. Nailima peke yangu, na naimaliza kabla ya watu wenye wake watatu.

Machage Mniko


Nyansurura
27 Februari 2016

Baba Wegesa,

Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili nilikaa chini.

Wageni sita kwa wiki moja, na wote sita ni wanachama wa Baraza, nimeangalia. Watano wanamuunga mkono huyo Ndama Mweupe. Mtu anayekuambia wewe ndiye mwenye mkoa, kwenye mkoa uliokataa kuwa na mwenyewe, anakutafuta nini? Ziwa Huru nao walianza kwa kusifiwa. Nakuomba usiwape neno lolote zaidi. Heri yetu wewe si mwanachama, huwezi kumuunga mkono mtu hata ukitaka. Mimi ninao watano, yeye anao watano. Tumelingana, na tukilingana kiti nabaki nacho mimi niliyetangulia. Akipata mmoja tu zaidi, tumekwisha. Nimewaandikia watu wawili wengine wa mkoa wetu waingie, hawajajibu.

Habari ya Nyangwine ni ya kweli, baba yangu naye aliisimulia hivyo hivyo. Lakini alikuwa anaimalizia. Ule ukoo wa ng'ambo ya mto ulikataa kabisa kumtoa mtu. Mzungu akawaletea mtemi wa kutoka mbali, hajui lugha yao, hana shangazi hapo wa kumwogopa. Nyangwine alipozidi, mama yake alikwenda kumsema mbele ya watu. Yule wa mbali nani angemsema?

Nikuambie ninachokiona hapa. Kila shimo la dhahabu, wenyewe wanaliita duara, lina watu kumi au kumi na wawili, wala hawana bosi, mfuko ukipanda wanagawana kwa beseni moja. Lakini juu kuna mtu ameshika kamba. Hamna anayemwita mkubwa. Leo ni Vincent, kesho Wangwe, wanapokezana ili wote washuke na wote washike. Jumanne ukuta wa duara la akina Vincent ulimeguka. Walitoka wote saba waliokuwa chini, mmoja kavunjika mkono. Walitoka kwa sababu kamba ilikuwa mkononi mwa mtu. Nililia nikaendelea kusonga ugali, maana walitoka na njaa.

Nilidhani utapenda kusikia habari hiyo. Ramadhan ndiye alimpeleka yule wa mkono hospitali kwa pikipiki yake.

Boke


Nyarero
5 Machi 2016

Mama Wegesa,

Ya kamba nayajua. Nimeshuka mashimoni wakati Ramadhan hajui kuvaa kaptura.

Pikipiki yake nimeisikia. Mimi pia nilipata kumbeba mtu mgongoni kutoka Nyamongo mpaka hapa, na hakuna aliyemwandikia mke wangu barua kumwambia.

Sina mengi. Mambo ya mkoa usijisumbue, yanashughulikiwa na watu wazima. Kuna mtu amenipa ahadi yake kwamba Tausi atatolewa mkoani karibuni, na akishatoka hakuna mwingine atakayeguswa. Ni ahadi ya mtu kwa mtu. Zaitun alitaka kuniingilia kwa maneno, nikamkumbusha kazi yake ni kubonyeza.

Usije ukasikia kwa watu kwamba Machage ameingia Baraza. Machage hawezi kuingia Baraza. Kama kuna kitu Machage amefanya, amekifanya kwa muda na kwa sababu yake.

Mvua ni nzuri. Agustina amesema hakumbuki.

M. Mniko


Nyansurura
14 Machi 2016

Baba Wegesa,

Leo sikusalimu.

Juzi Ramadhan aliniletea simu kutoka kwenye chaji. Kwa kawaida anasema, haya mama, imejaa. Juzi aliiweka kwenye benchi ikiwa wazi akaondoka.

Mjumbe wa Wasio na Mtemi ni Ndama Mweupe. Yale maneno ya Gati ya mlangoni, "Karibu, hapa kila mtu ni mwenye mji," yamefutwa. Sasa yameandikwa, "Mali ya Ndama Mweupe, asante kwa ukarimu wenu." Anaungwa mkono na sita. Watano nawajua ni wenzake. Wa sita ni Zizi Wazi.

Nilimpa Rahima anayenisaidia kuosha vyombo anisomee, nikidhani macho yangu yamekosea. Akasoma vile vile.

Ulilikataa Baraza kwa ajili ya babu yako. Ukalikataa kwa ajili ya ritongo na watu wako milioni mia nne. Ukaja kuliingia kwa ajili ya Ramadhan. Hukuingia kukaa na mimi, uliingia kusimama upande wa wezi ili muuza tochi afukuzwe.

Na hukuniuliza. Umeniandikia barua tatu, hakuna mahali umeandika, Boke, kuna nini kati yako na mtu huyu? Ungeuliza ningekujibu kwa mstari mmoja. Nakujibu sasa bila kuulizwa. Hakuna kitu. Nilinyamaza kwa sababu miaka yote arobaini na mmoja sijawahi kukuona ukiogopa kunikosa, nikasema acha nikuone kidogo. Hilo ni kosa langu, nalibeba. La kwako libebe wewe.

Sasa hesabu ilivyo. Nimempigia Zaitun akanieleza. Mjumbe mpya hawezi kufukuza watu papo hapo, nguvu inamjia polepole, huyu ataipata kama tarehe ishirini na tano. Ataanza na Tausi, kama mlivyopatana. Halafu mimi, kwa sababu ndiye ninayemfuatia. Halafu wewe, maana atakuwa hakuhitaji tena. Gati akimaliza mitihani akafungua, hatatukuta.

Yeye ana sita, mimi nina watano. Ukiondoa mkono wako kwake atabaki na watano, tutalingana, na safari hii aliye kwenye kiti ni yeye. Haitoshi kuondoka. Na kujitoa Barazani kwa hasira ukarudi kuwa Machage wa zamani, hilo nalo halitoshi. Itabidi ubaki huko huko unakokuchukia na uuweke mkono wako kwangu. Jina lako litaandikwa chini ya langu, la sita, na la kwanza unajua ni la nani.

Sikuamuru. Kukuomba nako siwezi leo. Nimekuambia hesabu ilivyo.

Boke


Nyansurura
9 Aprili 2016

Kwako mke wangu mdogo Gati,

Shikamoo yako nimeipokea ingawa hujaituma. Hongera kwa kumaliza mitihani. Nasikia umefungua mchezo ukakuta taifa lako limefutwa na mkoa una mambo mapya, ukampigia Zaitun simu ukiuliza kulikoni. Zaitun ni binti mzuri lakini hakuona yote. Mimi ndiye nakueleza jinsi babu yako alivyouokoa mkoa wako.

Kwanza ujue uliuacha wazi. Hilo tutaliongea.

Wakaja wezi sita. Mimi niliwajua tangu siku ya kwanza. Watu watakuambia nilidanganywa kwa sifa, usiwasikilize. Niliingia kwenye Baraza lao na nikajifanya mwenzao ili nione wanavyofanya kazi, kama tulivyokuwa tunafanya zamani ng'ombe wakipotea, unakwenda kunywa pombe kwa mwizi mwenyewe. Ni kweli niliwapa mkono wangu. Ni kweli pia sikumwambia bibi yako. Mtego hautangazwi.

Kisha nikapata barua ya bibi yako. Nilikaa nayo siku mbili. Siku ya tatu nikaenda Tarime, wala haikuwa siku ya soko. Zaitun alipofungua akaniuliza, "Babu, nibonyeze wapi?" Nikamwambia toka, hiki nabonyeza mwenyewe. Akanionyesha pa kuondoa, nikabonyeza. Akanionyesha pa kuweka. Pale nilichelewa kidogo, kile kitufe ni kidogo na kidole changu unakijua. Zaitun alisema, "Babu, kuna mteja anasubiri." Nikamwambia na mimi nimesubiri miaka sabini na mmoja bila kusimama nyuma ya mtu yeyote, huyo mteja avumilie.

Nikabonyeza. Majina yakajipanga. La kwanza Tausi. La sita Zizi Wazi. Nilidhani kuna kitu kitaniuma mahali. Nikangoja. Zaitun akaninunulia soda.

Kesho yake bibi yako akawa mjumbe. Wale sita aliwafukuza mmoja mmoja kadiri nguvu ilivyomjia, wa mwisho ni Ndama Mweupe, naye akiwa anatoka aliniandikia neno ambalo Zaitun alikataa kunisomea. Maneno yako ya mlangoni yamerudi, herufi kwa herufi, bibi yako aliyakumbuka kichwani.

Sasa tumekubaliana, ubaoni, watu wote wakisema, ilichukua siku tano kama ritongo la kweli: kiti hakina mtu wa kudumu. Kila mwezi mmoja anashika, wengine wote wanampa mikono yao, mwezi ukiisha inahama. Wazo hilo lilitoka kwa watu wa mashimo, ila mimi ndiye niliyelisema vizuri. Mwezi wa sita ni zamu yangu. Baraza lenyewe bado silipendi, Gati, na nitakufa silipendi. Nitakaa kwenye kile kiti siku thelathini nimenuna, nitapiga kura ya hapana kwa kila kitu, na siku ya thelathini na moja nitampa anayefuata. Anayefuata ni Tausi. Nimejaribu kubadilisha ratiba, wamekataa.

Utaona barua hii imeandikwa Nyansurura. Nilipanda basi nije kukagua. Nilimkuta bibi yako anachambua mchele, hakuinua kichwa. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani, mengine mazuri sana. Nikasema, "Mama Wegesa, unafanya nini huku?" Akaacha mchele. Akavuta benchi, akasema, "Kaa, nikuonyeshe." Nimekaa siku ya kumi na sita leo. Nyumbani Agustina na kijana wake wa kwanza wanaangalia ng'ombe. Bibi yako hajasema atarudi lini na mimi sijapanga palizi yoyote. Nateka maji, napasua kuni, na saa saba watu wakijaa napakua. Hakuna apakuaye haraka kama mimi hapa Nyansurura, waulize.

Simu ipo, bibi yako angeweza kuniandikia humo, lakini inachajiwa na Ramadhan.

Huyo naye nimemwona. Si mrefu. Ananiamkia kila siku kwa adabu, na hilo ndilo linalonichosha, mtu akikukosea adabu unajua pa kuanzia. Anakuja kula saa saba na nusu, anakaa benchi la mwisho. Akifika yeye napakua kwa mkono wangu mwenyewe. Nampa kipande chembamba cha ugali. Hajalalamika hata siku moja. Nadhani ananiogopa.

Babu yako,
Machage Mniko wa Zizi Wazi, mwanachama wa Baraza la Dunia kwa muda

Gati mjukuu wangu, naongeza hapa kabla sijafunga bahasha, yeye amekwenda mtoni. Ramadhan anajua kuhusu kile kipande. Anakila, anashukuru, halafu anazunguka nyuma ya jiko namwongezea kingine. Usimwambie babu yako, ana furaha. Bibi.